Mahindi tele, mimba haishiki: je, ni chakula?

SWALI: Tunaishi Mafinga, Iringa. Mwaka wa pili wa ndoa, bado hatuna mtoto, na chakula hatukosi. Lishe yaweza kuwa sababu?

JIBU: Yaweza kuchangia, dada yangu, ingawa ni nadra iwe sababu pekee. Iringa hulisha mikoa mingine, lakini utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Shibe ya ugali haitoshi.

Anza na chumvi. Udongo wa nyanda za juu una madini joto kidogo, na zamani rovu lilienea sana Mbeya na Iringa. Madini hayo yakipungua, homoni za tezi ya shingo hushuka, mayai hayapevuki kwa mpangilio, na mimba changa huharibika kwa urahisi. Nunua chumvi yenye madini joto, uifunike vizuri. Ongeza dagaa, mayai, maharage na mboga za majani, na uanze sasa vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, visisubiri mimba.

Mumeo naye apunguze pombe na aache sigara. Mbegu za kiume huchukua karibu miezi 3 kukomaa, hivyo avumilie.

Tena usikubali kubebeshwa lawama peke yako: tatizo la mwanamume huchangia karibu nusu ya kesi hizi. Ukishapita mwaka 1 wa kujaribu, vipimo vinahitajika. Nendeni hospitali wote wawili, mwezi huu.