Barafu Iliyo Ng'ambo ya Murongo

KIJANA: Babu, nimekuja kuuliza habari za kupanda milima ya Rwenzori. Nilikuwa naweka akiba ya kupanda Kilimanjaro.

BABU: Kilimanjaro ni safari ndefu kwetu sisi wa Kyerwa. Lakini ukivuka Mto Kagera pale Murongo, uko Kikagati, Uganda; pita Mbarara, kisha Kasese, mlima huo hapo. Chukua pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Kiingilio cha hifadhi kwa watu wa Afrika Mashariki ni nafuu.

KIJANA: Kilele kirefu zaidi ni kipi?

BABU: Margherita, meta 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Jina ni la malkia wa Italia. Mwanamfalme Luigi Amedeo alikifikia Juni 1906, akiongozwa na wapanda milima wa Alps. Leo waongozaji ni Wakonzo, wenyeji wa mlima wenyewe, na inanifurahisha sana.

KIJANA: Nasikia barafu inakwisha. Basi kupanda kumekuwa rahisi?

BABU: Hapana, mjukuu wangu! Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilizidi kilometa za mraba 6. Sasa haifiki moja. Inapokonda, mahali palipokuwa na mteremko wa pole panabaki ukuta. Nyufa zinafunguka. Mawe yaliyoshikwa na barafu yanalegea na kuporomoka. Njia ya mwaka juzi huenda leo haipitiki, ndiyo maana kuna mahali pamefungwa ngazi na kamba. Kwa hiyo hadithi za zamani, hata zangu, ziweke kando. Msikilize kiongozi aliyepita pale juzi.

KIJANA: Na siku ya kilele?

BABU: Mnalala kambi ya Elena, zaidi ya meta 4,500. Mnaondoka usiku wa manane, theluji ikiwa bado ngumu, kabla mawingu hayajafunika. Mnafunga vyuma vyenye meno chini ya viatu, mnajifunga kwa kamba moja, ili mmoja akiteleza wenzake wamzuie.

KIJANA: Kichwa kikiniuma?

BABU: Sema palepale. Wanaoficha ndio wanaobebwa. Ukianza kutapika au kuyumba, shuka, hata kama kilele unakiona. Vijana wenye nguvu huumwa kwa sababu wanakimbia. Hewa ya juu ni nyepesi, mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea.

KIJANA: Niende lini?

BABU: Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, mvua ikipungua. Matope hayapungui, utavaa gambuti karibu njia nzima. Nunua sasa, uwe unapanda nazo vilima vya Bweranyange na mzigo mgongoni, mpaka zikome kukuchubua.