SOMO: Kujitolea pamoja chuoni ili kujenga urafiki



Sisi tunaofanya kazi ya amani tunapenda kusema kwamba vijana wakifanya kazi pamoja watakuwa marafiki. Je, ni kweli? Katika kazi yetu na wanafunzi wa chuo kikuu hapa mashariki mwa Kongo tumeona kwamba inawezekana, lakini haiji yenyewe. Tunawaletea somo hili ili mlijadili katika vikundi vyenu.

Lengo la somo: kutambua ni kazi ya namna gani inayowaunganisha wanafunzi, na ni ipi inayowaacha mbalimbali kama walivyokuja.

1. Kwa nini chuo kikuu?

Chuo kikuu hukutanisha vijana wa sehemu nyingi za nchi. Lakini kulala katika bweni moja si kuwa marafiki. Mwanafunzi mpya anapofika, mara nyingi anapokelewa kwanza na mitualite ya watu wa kwao. Hiyo ndiyo inayomtafutia chumba, inayomuuguza na inayochanga pesa anapofiwa. Ni msaada mkubwa na hatuubezi. Hatari inakuja pale mitualite inapokuwa mlango wake pekee, hata akamaliza masomo bila kuingia kamwe katika chumba cha mtu wa kabila lingine.

Nchi yetu inajua mwisho wa hatari hiyo. Mwezi wa Mei 1990, katika chuo kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali walipigwa na wenzao. Kisha usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia chuoni wakawashambulia na kuwaua wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Katika siku zile, jimbo la kuzaliwa na lugha ya mtu vilitosha kumponya au kumhukumu.

2. Kosa letu la kwanza

Tulipoanza, tuliandikia barua viongozi wa mitualite zote na kuwaalika kusafisha mtaro mkubwa wa mbele ya chuo. Kila mitualite ilipewa kipande chake. Walikuja wengi, kila kundi na nguo zake na nyimbo zake. Kufikia saa sita mchana mtaro ulikuwa safi. Tulipiga picha, tukafurahi.

Lakini hakuna aliyeongea na mtu wa kundi lingine, isipokuwa kugombana kuhusu nani amepewa kipande kirefu. Tena tulikuwa tumegawa pesa za soda kupitia wale viongozi, na jioni ugomvi ulikuwa juu ya pesa hizo. Tuliwaleta wakiwa makundi, tukawarudisha wakiwa makundi, tena wenye hasira.

3. Chemchemi

Mara ya pili tuliwauliza wanafunzi wenyewe: ni shida gani inayowagusa ninyi na majirani wenu? Walijibu bila kusita: chemchemi ya bondeni, chini ya chuo. Wanafunzi na mama wa mtaa walichota maji hapo, na njia ya kushukia ilikuwa imebomolewa na mvua. Mama mmoja alikuwa ameanguka na bidoni na kuvunjika mkono.

Safari hii hatukuandikia mitualite. Kila aliyekuja aliokota karatasi yenye namba, na namba ndiyo iliyomwonyesha kikundi chake. Kiongozi wa kikundi alibadilishwa kila Jumamosi. Hatukugawa pesa. Kila mmoja alichanga franka kidogo, na mama wa mtaa walipika bugali, sombe na ndagala. Watu walikula kikundi kwa kikundi, sahani moja.

Kazi yenyewe ilisaidia. Mawe ya kujengea ngazi yalikuwa juu na mteremko ulikuwa mkali. Hakuna aliyeweza kushuka peke yake na jiwe zito. Ilibidi kupanga mstari na kupokezana mkono kwa mkono. Mmoja akisimama, wote wanasimama. Katika mstari kama huo unajua haraka jina la aliye juu yako na la aliye chini yako.

Kabla ngazi hazijaisha, habari ya mauaji ilifika kutoka kijiji kimoja, na jamii mbili zikawa zinashutumiana. Ujumbe wa simu ulianza kuzunguka katika mabweni: wanafunzi wa upande fulani wameficha mapanga chumbani. Vijana wa upande wa pili walianza kukusanyika uani.

Mapanga yalikuwepo kweli. Yalikuwa yale ya kufyekea majani kule bondeni, nasi ndio tuliomwomba kijana mmoja ayatunze chumbani kwake. Dada mmoja wa kikundi chake, ambaye kwao ni upande wa pili, aliwaambia waliokusanyika: «Mapanga hayo nimeyashika Jumamosi iliyopita. Hesabuni, ni sita, pamoja na majembe manne na kamba.» Komite ya bweni iliingia na dada huyo, ikahesabu, ikakuta ni hivyo. Watu walitawanyika.

Hatusemi kwamba chemchemi ilimaliza vita. Tunasema kwamba usiku ule palikuwa na mtu wa upande wa pili aliyejua ukweli na ambaye watu wake walimsikiliza. Kama tungebaki na mtaro wetu wa kwanza, mtu huyo asingekuwepo. Tulijifunza pia kosa letu lingine: vifaa vya wote havitunzwi katika chumba cha mmoja. Tangu siku ile viliwekwa kwa chefu wa avenyu.

4. Mambo manne ya kuangalia

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana peke yake hakuondoi chuki. Alitaja masharti manne, nasi tumeyaona kwa macho yetu:

- Usawa. Wanapokuwa kazini, hakuna kundi lililo bwana wa lingine. Namba na zamu vilitusaidia.
- Lengo moja. Maji yanahitajiwa na kila mtu. Kipande changu cha mtaro hakimhusu mwenzangu.
- Kutegemeana. Chagueni kazi ambayo haifanyiki bila mkono wa mwingine.
- Kibali cha wakubwa. Wakuu wa chuo, chefu wa avenyu na viongozi wa dini wawe wameikubali kazi hiyo waziwazi.

5. Kujitolea si salongo

Wazazi wetu wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, enzi za Mobutu. Ilikuwa kazi ya jumuiya, lakini ya lazima, na wengi walitoka kwa kuogopa adhabu. Kazi ya kulazimishwa inaweza kusafisha njia bila kusafisha moyo. Kwa hiyo msiandike majina ya wasiokuja, wala msimwaibishe mtu. Anayekuja kwa hiari yake leo atamleta rafiki yake kesho. Na mitualite msiipige vita: waombeni viongozi wake waje kama watu wa kawaida, waokote namba kama wengine.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chuo au mtaa wenu, ni nani hamjawahi kula naye sahani moja? Kwa sababu gani?
2. Ni shida ipi inayowagusa ninyi na majirani wenu sawasawa?
3. Kazi mliyoifanya mwisho ilitimiza masharti mangapi kati ya yale manne?
4. Uvumi ukija usiku wa leo, ni nani wa upande mwingine mnayeweza kumpigia simu?

Tunawaomba muanzie swali la nne. Kama hakuna jina linalokuja, hapo ndipo kazi yenu inapoanzia.