Uchafu wa Choo Utafika Kisimani Lini? Namna ya Kuuchora kwa Kompyuta

Katika mitaa mingi ya Mbagala, Dar es Salaam, kisima na choo cha shimo hukaa ua mmoja. Ardhi ni ya kichanga na hupitisha maji kwa urahisi, kwa hiyo kinachovuja shimoni husafiri. Kinaelekea wapi, na kitafika lini? Programu za kujibu maswali haya hupatikana bure: QGIS kwa ramani, na MODFLOW ya Shirika la Jiolojia la Marekani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984, kwa mwendo wa maji ya ardhini. ModelMuse, pia ya bure, hukuwezesha kuiendesha MODFLOW kwa kuchora badala ya kuandika mafaili. Lakini jibu huanzia kwenye vipimo vya mtaani, na hapo ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

1. Ramani zote ziwe mfumo mmoja
Simu hutoa mahali kwa mfumo wa WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960. Ukizichanganya hivyo hivyo, kisima huhama takriban mita 300 na kinaweza kuangukia mtaa mwingine. Ndani ya QGIS, geuza kila leya iwe WGS 84, UTM kanda ya 37 Kusini (EPSG 32737), ili umbali wote usomeke kwa mita.

2. Pima kimo cha maji
Kina cha maji kisimani peke yake hakitoshi. Pima kimo cha mdomo wa kisima, kisha toa kina cha maji. Kinachobaki ndicho kimo cha maji yenyewe. Usitegemee simu hapa. Hukosea kimo kwa mita kadhaa, wakati maji ya visima viwili vilivyoachana mita 50 huenda yakatofautiana kwa sentimita 25 tu. Mtafute mpimaji ardhi, au kwa visima vya karibu tumia mpira wa maji ambao mafundi ujenzi huchukulia levo.

Pima visima vyote siku moja, alfajiri, kabla watu hawajachota wala kuwasha pampu. Rudia mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi. Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja vinatosha kukuonyesha maji yanaelekea upande gani.

3. Piga hesabu kwa mkono kwanza
Tumia kanuni ya Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856. Tuseme mchanga unapitisha mita 10 kwa siku, kimo cha maji kinashuka mita 5 kwa kila kilomita, na nafasi kati ya chembe za mchanga ni asilimia 25. Basi 10 × 0.005 ÷ 0.25 ni mita 0.2 kwa siku, yaani kama mita 73 kwa mwaka. Modeli ikikupa mita 7,000, kagua vipimo: pengine umechanganya sentimita na mita.

4. Jenga modeli
Mipaka iwe ya asili. Kwa Mbagala, Mto Kizinga uko kaskazini na Mto Mzinga kusini. Ulizia kumbukumbu za uchimbaji visima kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ujue mchanga unaishia wapi na mfinyanzi unaanzia wapi. Vyumba vya gridi viwe mita 50, na karibu na vyoo vipunguze hadi mita 5 au 10. Vikiwa vikubwa, kompyuta yenyewe itautawanya uchafu kuliko unavyotawanyika ardhini.

Rekebisha modeli mpaka vimo vyake vikaribiane na ulivyopima. Visima vichache viweke kando, uvitumie mwishoni kuipima modeli.

5. Ndipo uingize uchafu
Anza na programu ya MODPATH, inayofuata njia ya maji kinyumenyume kutoka kisimani na kukuonyesha eneo linalokilisha. Kisha ingiza naitreti itokayo chooni: mchanga hauishiki, husafiri kwa mwendo wa maji, na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaolengwa na kinga hiyo hasa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Vijidudu ni habari nyingine, kwa kuwa vingi hufa au huchujwa njiani. Vinahitaji hesabu yake.

6. Chora upana wa jibu
Upitishaji wa mchanga haujulikani kwa uhakika, kwa hiyo endesha modeli kwa mita 5, 10 na 20 kwa siku. Matokeo yote matatu yachore QGIS kama eneo moja la tahadhari, pamoja na barabara, misikiti, makanisa na shule, ili kila mkazi aione nyumba yake.

Ramani hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya choo kingine kuchimbwa. Kuhamisha shimo ambalo bado ni alama ya chaki ni kazi ya dakika chache. Maji yakishachafuka chini ya ardhi, kuyasafisha ni kazi ya miaka.