Mashine ya Kuoshea Vyombo Imebaki na Maji: Maswali ya Jikoni, Diani hadi Funzi

Fundi akitoka Ukunda kwenda Funzi hushika barabara ya Lungalunga, akapita Msambweni, akakata kuelekea Bodo, kisha akapanda mashua. Safari hiyo hulipiwa kwenda na kurudi, hata kama alichokuja kukitoa ni mfupa wa samaki. Maelezo haya ni ya wapishi, watunza nyumba na wasimamizi wa nyumba za wageni wa pwani ya kusini, ambao ndio wanaobaki na mashine hizi wenye nyumba wakiwa mbali. Mara nyingi mashine isiyotoa maji haijafa. Imeziba mahali, na mahali hapo panaweza kutafutwa kwa utaratibu.

Nimefungua mlango nikakuta maji kidogo chini. Ni ubovu?

Maji machache chini ya chujio, kwenye kishimo cha katikati, ni ya kawaida. Yameachwa makusudi ili mipira ya pampu isikauke. Tatizo ni maji yaliyolifunika chujio na kutanda sakafu ya mashine, hasa yakiwa na mafuta na harufu.

Umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi.

Basi huenda hakuna kilichoharibika. Maji yamebaki kwa sababu mashine ilisimama kabla ya kufika hatua ya kuyatoa. Umeme ukirudi, funga mlango na uiache imalize. Isipoendelea yenyewe, mashine nyingi huwa na njia ya kufuta programu, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe cha kuanzia kwa sekunde kadhaa, kisha hutoa maji na kusimama. Penye umeme wa sola jambo hili hutokea zaidi. Kipasha-maji cha ndani hula karibu wati 2000, na inveta ndogo hujizima mara tu kinapowaka. Pampu ya kutolea maji hula umeme kidogo sana, kwa hiyo chagua programu ya maji baridi au ya joto la chini, na uiwashe mchana jua likiwa kali.

Umeme upo na maji hayatoki. Nianzie wapi?

Chomoa plagi na ufunge koki ya maji. Usiingize mkono kwenye maji ya mashine iliyounganishwa na umeme. Ikiwa programu imemalizika sasa hivi, subiri, kwa sababu maji yanaweza kuwa na joto la nyuzi 60 au zaidi. Kisha toa trei ya chini, chota maji kwa kikombe, na yaliyobaki yakaushe kwa sifongo au taulo kuukuu.

Sasa litoe chujio. Kwa mashine nyingi huzungushwa kinyume cha mshale wa saa, likanyanyuliwa. Vaa glavu, maana vipande vya glasi iliyovunjika hujificha hapo. Jikoni za huku huacha alama zao chujioni: machicha ya nazi, magamba na mifupa ya samaki, vipande vya gamba la kaa, mbegu za ndimu, karafuu na iliki za pilau, vijiti vya meno. Machicha ndiyo mabaya kuliko yote. Ni laini kiasi cha kuingia kwenye matundu ya wavu, na yakilowa hushikamana, yakawa tabaka ambalo maji hayalipenyi. Osha chujio kwa maji ya moto, sabuni na brashi laini. Usitumie stilwaya, itatoboa wavu.

Hapa ndipo watu wengi humalizia kazi. Jikoni inayopika samaki na nazi kila siku, chujio lioshwe kila siku. Mara moja kwa wiki haitoshi. Sahani nazo zipanguswe mabaki kabla ya kupangwa. Josephine Cochrane wa Marekani, aliyepewa hataza ya mashine yake mwaka 1886 na kuwauzia wenye mahoteli kabla ya wenye nyumba, aliiunda isafishe kwa nguvu ya maji. Hadi leo kazi ya mashine ni hiyo: kung'oa uchafu kwa maji. Mfupa haukupangiwa njia ya kupita.

Chujio ni safi na maji bado yamesimama.

Tazama chini ya pale lilipokaa chujio. Kuna kifuniko kidogo cha pampu, ambacho kwenye mashine nyingi hutolewa kwa skrubu moja au kwa kukinyanyua kwa mpini wa kijiko. Ndani kuna kifeni kidogo cha plastiki. Kizungushe kwa kijiti. Kikizunguka kwa kukatakata, kama kinachovutwa na sumaku, kiko sawa, maana kweli kina sumaku. Kisipozunguka kabisa, kuna kitu kimekibana, na mara nyingi ni kipande cha glasi, mbegu au mfupa. Kitoe kwa koleo, usilazimishe kwa bisibisi. Rudisha kifuniko mpaka kilie, kwa sababu kikikaa upande pampu itazunguka bila kusukuma maji.

Nitajuaje kama ubovu uko ndani ya mashine au kwenye bomba?

Kwa ndoo. Jaribio hili ndilo ningependa kila mtunza nyumba alijue, kwa kuwa linaokoa safari ya fundi asiyehusika. Chomoa mpira wa maji machafu pale unapoungana na bomba la sinki, uelekeze mdomo wake ndani ya ndoo, mimina lita mbili tatu za maji ndani ya mashine, rudisha umeme na uwashe hatua ya kutoa maji.

Maji yakiruka ndani ya ndoo kwa nguvu, mashine ni nzima. Kizuizi kiko kwenye sinki au nje ya nyumba, na wa kuitwa ni fundi wa mabomba. Yakitoka kidogo kidogo, chunguza mpira wenyewe: umekunjika nyuma ya mashine, au umejaa mafuta. Pampu ikivuma bila kutoa maji, imebanwa. Kukiwa kimya kabisa, huenda pampu imeungua, au waya au ubao wa umeme una hitilafu, na hapo muachie fundi wa umeme.

Ndoo imejaa vizuri. Sasa nitazame nini?

Kwanza kikombe cha chini ya sinki, kinachokusanya uchafu. Weka beseni, kifungue kwa mkono, ukisafishe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, kwa hiyo usiku wa kipupwe tui lililomwagwa sinkini mchana laweza kugeuka utando mweupe ndani ya bomba. Usimwage tui wala mafuta ya kukaangia kwenye sinki.

Mashine ikiwa mpya na haijawahi kutoa maji tangu siku ya kwanza, angalia kile kitundu cha bomba la sinki kinachopokea mpira. Vingi huja vimezibwa kwa plastiki kutoka kiwandani, na fundi asipokitoboa maji hayana njia. Angalia pia mpira ulivyopitishwa. Unapaswa kupanda juu karibu na usawa wa sinki kabla ya kushuka, ama sivyo maji machafu ya sinki yatarudi ndani ya mashine. Vitabu vingi vya mashine hutaka mdomo wake uwe kati ya sentimita 40 na 100 hivi kutoka sakafuni.

Sinki na choo navyo vinatoa maji polepole.

Basi acha mashine, tatizo liko shimoni. Nyumba nyingi za pwani hii hutegemea matangi ya septiki na mashimo ya kunywesha maji ardhini. Wakati wa masika ardhi hushiba, na penye ufuo au karibu na mikoko bamvua huinua maji ya chini ya ardhi, shimo likakosa pa kuyapeleka. Ukiona sinki na choo vinakwama siku za bamvua na kupona maji mafu yakiingia, umeshapata jibu. Usiingie shimoni wala usimruhusu mtu aingie kuzibua. Hewa ya humo huua kwa dakika chache, na mara nyingi humuua pia anayeshuka kuokoa.

Maji yetu ni ya kisima. Yanadhuru?

Yanadhuru. Maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa magumu, na chokaa yake hujikusanya kwenye pampu, kwenye kipasha-maji na kwenye mpira. Tumia chumvi ya mashine kwenye tangi lake dogo. Chumvi ya mezani na ile ya mawe ya sokoni ina vitu vingine vinavyoziba kilainisha-maji. Lakini kisima kikiwa na maji ya chumvi kweli, kilainisha-maji hakitaiondoa, na chumvi hiyo hula hata chuma kisichoshika kutu. Mashine hiyo ipelekewe maji ya mvua au ya bomba. Chokaa hutolewa kwa siki au asidi ya ndimu ya unga, mashine ikizungushwa tupu. Usichanganye siki na jiki kamwe, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Herufi zinazowaka kwenye kioo zina maana gani?

OE kwa LG, E24 kwa Bosch na i20 kwa AEG huashiria maji yasiyotoka. Ziandike kabla ya kuzima umeme. Mashine kubwa za hoteli ni jambo jingine: nyingi hutoa maji kwa kunyanyua bomba fupi lililosimama ndani ya tangi, bila pampu.

Bosi anasema nimeiharibu, atanikata mshahara.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mbegu ya ndimu iliyoteleza hadi kwenye pampu si kosa la makusudi. Ukitishiwa, eleza ulichokikuta, hifadhi kipande ulichokitoa, piga picha, na ukihitaji msaada nenda ofisi ya kazi.

Nanyi wenye nyumba, kitabu cha mashine kiacheni jikoni, nunueni chujio la akiba, na mfundisheni anayeosha vyombo vyenu jaribio la ndoo kabla hamjaondoka.