FENI INAYOZUNGUKA HAIONEKANI



Wengi wetu tukimaliza masomo tutashika spana. Baadhi yetu watakuwa mafundi wa motokaa, wengine wataendesha lori au trekta, na hata yule atakayekaa ofisini, iko siku atafunua boneti ya gari lake atazame maji. Kwa sababu hiyo nataka kuwaelezeni jambo moja juu ya injini, nalo ni hili: kitu kinachozunguka huwa cha hatari zaidi pale macho yanapoacha kukiona kikizunguka.

Tuanze na hesabu. Injini ya petroli ikinguruma polepole, gari limesimama wala hakuna anayekanyaga mafuta, huzunguka yapata mara 800 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata mara 13 na zaidi kidogo kila sekunde. Sasa tuchukue feni inayozungushwa na mkanda kwa mwendo ule ule wa injini, ambayo panga lake, toka katikati hadi nchani, ni sentimeta 20. Kila mzunguko mmoja ncha hiyo husafiri sentimeta 126 hivi. Katika sekunde moja itakuwa imekwenda karibu meta 17, na huo ni mwendo wa kilometa 60 kwa saa! Gari limesimama uani, lakini ncha ya feni yake inakwenda mbio kama basi barabarani.

Tena, mtu akishtuka, yapita kama robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kurudi. Katika robo hiyo feni imekwisha zunguka mara 3 na zaidi. Ikiwa ina mapanga 6, basi mapanga yapatayo 20 yamekwisha pita mahali pale pale. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwa kusema kwamba yeye ana mkono mwepesi.

Mkanda nao una hatari yake. Puli yenye kipenyo cha sentimeta 15, kwa mwendo ule ule, huvuta mkanda zaidi ya meta moja na nusu katika robo ya sekunde. Mkono wa mtu hauna urefu huo. Nguo ikinaswa kati ya mkanda na puli, mkono huifuata kabla mwenyewe hajajua kilichotokea.

Huko Katwe, Kampala, nimepata kumjua fundi mmoja ambaye mkono wake wa kuume una vidole vitatu tu. Kazi yake aijua sana, na siku alipoumia alikuwa na miaka mingi kazini. Aliniambia kwamba mkanda ulikuwa unalia, mwenye gari ana haraka, naye akauinamia ausikilize, kitambaa cha kufutia mafuta kikiwa mkononi. Kilichonaswa kwanza ni kitambaa.

Sasa turudi kwenye macho. Feni ikienda mbio, mapanga yake hugeuka kama ukungu mwepesi, na nyuma yake waiona rejeta kana kwamba katikati hapana kitu. Zaidi ya hayo, fundi apimapo wakati wa cheche hutumia taa inayomweka kwa kufuata plagi ya kwanza. Kwa nuru yake, alama iliyo kwenye puli huonekana imetulia tuli, hali puli inazunguka vile vile. Hata baadhi ya taa za mirija zitumiazo umeme wa mjini zaweza kuyadanganya macho namna hiyo. Na feni za umeme, zilizo katika magari mengi ya siku hizi, zaweza kuanza zenyewe rejeta ikipata moto, hata kama injini imekwisha zimwa.

Basi yatupasa kushika kanuni hizi:

1. Zima injini kabla ya kugusa mkanda, na ufunguo uutie mfukoni mwako wewe unayefanya kazi, si mfukoni mwa mwenye gari.

2. Ukifanya kazi karibu na feni ya umeme, toa waya wa betri, ule wa hasi kwanza.

3. Funga vifungo vya mikono ya ovaroli. Vua tai, saa, pete na mkufu. Wenye nywele ndefu wazifunge, na wenye kanga au kitenge wakiweke mbali. Glavu pana usizivae karibu na kitu kinachozunguka.

4. Aliye kwenye usukani asiwashe mpaka fundi mwenyewe ameita, na fundi asiite mpaka amehesabu spana zake na kutoa mikono yake.

5. Mwenzako akinaswa, usimvute. Izime injini kwanza.

Mkanda uliokatika hununuliwa dukani asubuhi, na jioni gari likaondoka. Kidole hakina duka.

Zoezi: Dereva akikanyaga mafuta, injini ile ile yaweza kufika mizunguko 3,000 kwa dakika. Tafuteni mwendo wa ncha ya feni yetu kwa kilometa kwa saa. Mkipata jibu, msomeeni mtu wa nyumbani kwenu ambaye hupenda kufunua boneti injini ikiwaka.