SOMO LA UFUNDI: PISTOLE INAPOTEMA RANGI



Tunaendelea na masomo ya ufundi. Somo la leo linawahusu vijana wanaojifunza kupuliza rangi ya magari, na hasa wale waliobahatika kupata nafasi katika gereji za Bujumbura, mtaa wa Rohero. Mzazi ambaye mtoto wake yuko huko naye asome, apate kuelewa kwa nini kijana anaweza kufanya kazi mwezi mzima na kurudi mikono mitupu.

Rohero ni katikati ya mji. Magari mengi yanayoletwa huko ni ya watu wa ofisi na wafanyabiashara, na mwenye gari akikuta mlango umejaa madoadoa hakubali kulipa. Rangi, tina na vanishi zinatoka nje ya Burundi, mizigo mingi ikipitia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo kurudia mlango mmoja ni hasara kubwa. Hasara hiyo mara nyingi humwangukia aliyeshika pistole, yaani ile bastola ya kupulizia rangi.

Kijana mmoja wa hapa kambini alikatwa mshahara wa mwezi katika gereji moja ya huko kwa sababu ya mlango mmoja. Yeye anasema rangi ilikuwa mbovu. Nilimwuliza pistole ilikuwa inafanyaje. Akajibu: "Inapuliza vizuri, inakata, halafu inatema, kama mtu mwenye kikohozi." Basi kwa maelezo hayo rangi haina kosa. Ugonjwa uko ndani ya pistole, na angeweza kuuona kwa dakika tano kabla hajausogelea mlango.

Kwanza tuelewe kifaa chenyewe. Kilianzia kwa daktari. Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, Marekani, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni katika miaka ya 1880, na mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza baadaye kuwa cha kupulizia rangi. Ndani yake kuna njia mbili, ya upepo na ya rangi, na njia hizo hazitakiwi kukutana mpaka nje, mbele ya mdomo. Ukivuta kifyatuo kidogo, unatoka upepo peke yake. Ukivuta zaidi, sindano inarudi nyuma, rangi inatoka, na upepo unaipasua kuwa ukungu.

Pistole inayotema ni ile ambayo rangi haifiki mdomoni mfululizo. Ama upepo umepenya ndani ya njia ya rangi, ama rangi yenyewe inacheleweshwa. Wengi wakiona hivyo huongeza upepo wa kompresa. Hilo ni kosa. Pistole nyingi za kawaida hufanya kazi kati ya bar 2 na 3, na ukipandisha zaidi, upepo unaopenya unazidi na kikohozi kinazidi. Wengine hukimbilia spana na kukaza kila nati wanayoiona. Nalo ni kosa, maana ukishakaza zote hutajua ni ipi iliyokuwa imelegea.

Fanya hivi. Osha pistole, weka tina safi nusu ya kikombe, simama nje mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, upulize kwenye kipande cha boksi. Usiielekeze pistole mkononi wala kwa mwenzako. Huku unavuta kifyatuo, mwenzako aangalie ndani ya kikombe. Akiona mapovu yanapanda kama maji yanayoanza kuchemka, upepo unarudi nyuma kupitia mdomoni. Hiyo ndiyo sababu inayopatikana mara nyingi. Mdomo umelegea, au pale unapokalia pana rangi iliyokauka, au washa yake imekwisha, au mdomo umepasuka ufa mwembamba usioonekana mpaka uugeuzie jua.

Kuutengeneza kuna utaratibu. Fungua kofia ya upepo iliyo mbele. Kisha fungua kitasa cha nyuma, toa springi na sindano. Sindano itoke kabla ya mdomo. Ukiuzungusha mdomo huku sindano imo ndani unaweza kuharibu vyote viwili, na kwa kawaida huuzwa pamoja. Sasa fungua mdomo kwa spana yake, safisha mahali unapokalia kwa tina na brashi laini, angalia washa, rudisha. Kaza mpaka ukae vizuri, basi. Mwili wa pistole nyingi ni wa aluminiamu, na mtu anayening'inia kwenye spana huua nyuzi zake.

Kama hakuna mapovu na bado inakohoa, angalia nyuma, pale sindano inapoingia mwilini. Pana pakingi imezibwa kwa nati ndogo. Pakingi ikikauka, hasa kwa pistole yenye kikombe cha chini inayovuta rangi kwenda juu, hewa hunyonywa hapo pamoja na rangi. Mara nyingi utaona unyevu wa rangi kwenye sindano nyuma ya kifyatuo. Tia tone la mafuta mepesi, kaza nati kwa vidole, halafu kidogo tu kwa spana. Sindano lazima irudi yenyewe ukiachia kifyatuo. Isiporudi umekaza mno, na sasa rangi itavuja mdomoni hata ukiwa umeachia. Mafuta yenye silikoni msiyatumie. Yakigusa rangi, rangi inakimbia na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Ugonjwa wa tatu kila mmoja wetu anaujua bila kwenda gereji. Siku ya mgao, ukitoboa kopo la mafuta tundu moja tu, mafuta yanatoka kwa kushtuka-shtuka. Ukitoboa la pili, yanatiririka. Kifuniko cha kikombe cha pistole nacho kina tundu dogo la kuingiza hewa, na likizibwa na rangi kavu, rangi hutoka kwa kushtuka vilevile. Fungua kifuniko kidogo huku unapuliza. Kikohozi kikikoma, umeshapata jibu, na dawa yake ni kijiti.

Angalieni pia pistole inatema wakati gani. Ikitema tone moja tu mwanzoni, kila unapovuta, sindano haikai sawasawa mdomoni au kuna rangi imeganda kwenye ncha. Joto la Bujumbura huchangia hapo, maana mchana rangi hukauka mdomoni mwa pistole, kisha hubanduka na kurushwa mlangoni. Futa ncha kwa kitambaa chenye tina kila baada ya mzunguko, na mchana wa jua kali tumia tina isiyokauka haraka. Ikitema unapoinamia boneti au paa tu, rangi ni kidogo kikombeni; au, kwa kikombe cha chini, bomba lililopinda ndani limeelekea nyuma. Ligeuze lielekee mbele.

Rangi nzito nayo hukohoa, na rangi isiyochujwa pia. Soksi ya nailoni ya kina mama huchuja vizuri kama chujio la dukani. Mdomo wa milimita 1.3 au 1.4 ni wa rangi ya juu na vanishi. Praima inataka 1.6 hadi 1.8, na kuisukuma kwenye mdomo mwembamba ni kujitafutia taabu.

Kuna kutema kwingine kunakowadanganya hata mafundi wa siku nyingi, nako ni maji. Bujumbura iko kando ya ziwa Tanganyika, hewa yake ni ya joto na unyevu, na wakati wa mvua unyevu huo unazidi. Kompresa ikiibana hewa hiyo kisha ikapoa, maji hubaki kwenye tangi. Yakijaa husafiri na upepo hadi kwenye pistole. Kuyatambua, funga rangi kabisa na upulize upepo mtupu kwenye kioo kikavu kwa muda. Ukiona vitone, fungua koki iliyo chini ya tangi mpaka maji yaishe. Kazi hiyo ni ya kila siku kabla ya kuanza, na umeme ukikatika na kurudi, ifanye tena.

Kama umbo la rangi kwenye boksi ni la mwezi mchanga, limevimba upande mmoja, zungusha kofia ya upepo nusu duara na upulize tena. Umbo likigeuka pamoja na kofia, tundu moja la kofia limeziba. Lisipogeuka, uchafu uko kwenye mdomo au sindano.

Sasa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mlango wowote. Rangi na vanishi zinazochanganywa na kopo la pili la kugandisha huwa na dawa iitwayo isosianeti. Ukungu wake ukiingia kifuani unaweza kuleta pumu, na mtu akishaathirika, hata kiasi kidogo sana humrudishia shida ya kupumua. Kitambaa puani hakizuii kitu. Barakoa ya vumbi haizuii. Inayofaa zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ya vichujio vya mkaa ni afadhali kuliko bure, mradi vichujio vibadilishwe. Kijana anayekohoa usiku au kubanwa kifua baada ya kazi aende zahanati, na amwambie mganga kuwa anapuliza rangi ya magari. Asiposema hivyo atatibiwa mafua. Ninyi wazazi waulizeni, kwa sababu wao kwa kuogopa kupoteza nafasi hawatasema.

Kuhusu usafi sina mengi. Pitisha tina mpaka itoke nyeupe, futa, tia tone la mafuta kwenye pakingi. Usiilaze pistole nzima ndani ya tina usiku kucha, maana pakingi zinakauka. Matundu ya kofia yazibuliwe kwa kijiti cha mti laini, kamwe si kwa waya wala msumari.

Walio na pistole inayotema hapa kambini wailete kwenye banda la ufundi, ikiwa haijafunguliwa, pamoja na kipande cha boksi. Tutaijaribu pamoja.

Mhamasishaji jamii wenu