SOMO: BENCHI LA MBARE NA AFYA YA AKILI

Mwaka 2005, Dk. Dixon Chibanda wa Harare, Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kumfikia hospitali. Mwaka uliofuata alitakiwa kuanzisha huduma mtaani Mbare, ilhali wauguzi walikuwa wameelemewa na chumba hakikuwapo. Waliopatikana ni bibi 14 wa kujitolea, na benchi likawekwa nje. Bibi hao walifunzwa kusikiliza, kisha kumsaidia mtu achague tatizo moja la kulitatua kwanza. Maradhi waliyaita “kufungisisa”, yaani kufikiri kupita kiasi, neno la Kishona lisilomwaibisha mtu. Mwenye hali nzito hupelekwa kituoni. Mpango huo umekwishafika Zanzibar. Kamati ya shehia inapopanga, kwanza iulize: mwenye dhiki humwendea nani hivi sasa?